Kuta za Kale za Karema



Katika kigango chetu, mwendo wa nusu siku kwa baisikeli kutoka mjini Mpanda, liko kanisa la zamani. Si kubwa, watu mia hawaenei ndani yake. Kuta zake ni za matofali mabichi, yaani udongo uliokaushwa kwa jua, bali mbele, juu ya mahali pa altare, lipo tao moja la matofali ya kuchoma. Tangu tulipojenga kanisa jipya la saruji na bati, lile la zamani limekuwa tupu. Mbuzi hujikinga mvua ndani yake, na mchwa wamekula miimo ya mlango.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, baraza la kigango lilikutana likaamua kulibomoa. Matofali ya kuchoma ya lile tao, pamoja na ya msingi, yangetosha kuanzia nyumba ya mwalimu wa dini, maana nyumba yake yavuja. Mwalimu huyo ndiye mimi. Nami nalifurahi sana, nikatia sahihi yangu katika daftari mbele ya watu wote, na mke wangu aliposikia akapiga vigelegele. Siku ya kubomoa ikawekwa, Jumatatu ya kwanza baada ya mavuno.

Kabla Jumatatu ile haijafika, nalikwenda Karema. Nawaandikieni habari za safari hiyo kwa sababu nalirudi na neno la kuwaambia wazee wangu, ambalo sikuwa nalo nilipoondoka.

Twalikuwa walimu watatu tulioitwa kwa mafungo. Mmoja ni mzee kunipita, na mmoja ni kijana aliyemaliza mafundisho yake mwaka jana. Tulipanda gari la abiria alfajiri mjini Mpanda, tukashika njia ya magharibi. Ni mwendo wa zaidi ya kilometa 100, katika misitu ya miombo, na vumbi lilitufunika hata mtu hakumjua jirani yake. Hata alasiri njia ikaanza kushuka, tukaliona ziwa. Yule kijana alikuwa hajaliona maishani mwake, akanyamaza kimya. Na kweli Ziwa Tanganyika lastahili kunyamaziwa. Urefu wake yapata kilometa 670, na kina chake kikubwa chapita meta 1,400. Katika maziwa yote ya dunia ni moja tu lililo na kina zaidi, nalo ni Baikal katika nchi ya Urusi. Ng'ambo, kama wingu lililolala, iko milima ya Kongo.

Kesho yake, kabla ya mafundisho, mzee mmoja wa Karema alikubali kututembeza.

“Shikamoo, babu,” tukamsalimu.

“Marahaba, wanangu. Haya, nifuateni polepole. Magoti yangu hayana haraka.”

Akatupeleka mahali pa kale pa Misioni, penye kuta nene zilizojengwa na watu waliotazamia vita. Akasimama akitazama ziwa, akanyosha fimbo yake. “Wazee wetu walituambia, walipoanza kujenga hapa maji yalikuwa karibu. Tazameni sasa yalivyo mbali. Nyumba haikuhama, ziwa ndilo lililohama.”

Yule kijana akacheka akidhani ni fumbo. Lakini ni habari ya kweli, na wenye elimu ya maziwa wameieleza. Zamani zile mto Lukuga, ulio ng'ambo upande wa Kongo, na ambao ndio mlango wa pekee wa kutolea maji ya ziwa hili, ulikuwa umezibwa na matope na majani. Maji yakajaa mwaka baada ya mwaka. Hata yapata mwaka 1878 kizuizi kile kikavunjika, na ziwa likaanza kushuka, likashuka meta nyingi katika muda wa miaka michache. Basi waliojenga Karema walichagua pwani, nayo pwani ikawakimbia. Katika miaka hii ya karibuni maji yamepanda tena, na vijiji vingi vya kando ya ziwa vimepata hasara. Mwenye kujenga na akumbuke hilo.

Nani alijenga kuta hizi? Mwaka 1876 Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, aliwakusanya wasafiri na wataalamu mjini Brussels, wakaunda Chama cha Kimataifa cha Afrika. Walitangaza kwamba shabaha yao ni kueneza elimu na kukomesha biashara ya watumwa. Lakini baadaye ulimwengu uliyaona mateso waliyopata watu wa Kongo chini ya mfalme huyo. Mwaka 1879 Kapteni Ernest Cambier, aliyetumwa na chama kile, alifika Karema akaanza kituo, na wenzake waliomfuata wakakiendeleza kiwe ngome.

Mwaka uleule jambo la ajabu lilitendeka. Ndovu wanne wa Bara Hindi waliofunzwa kazi walishushwa melini pwani ya Msasani, karibu na Dar es Salaam, ili wajaribiwe kubeba mizigo hata ziwani badala ya wapagazi. Wengi wao walikufa njiani, na jaribio likaisha. Kapteni Carter aliyewaongoza, pamoja na mwenzake Cadenhead, waliuawa mwaka 1880 katika nchi ya Mpimbwe, ambayo leo imo katika Mkoa wetu wa Katavi, walipokutwa na vita walipokuwa wakirudi kutoka Karema.

Baada ya miaka michache moyo wa mfalme ukaelekea Kongo tu. Mwaka 1885 ngome ya Karema, pamoja na ile ya Mpala iliyo ng'ambo, zikakabidhiwa Wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadri Weupe kwa ajili ya kanzu zao. Ndivyo nyumba ya bunduki ilivyopata kuwa nyumba ya sala. Lakini msidhani raha ilianza siku hiyo. Askofu Jean-Baptiste Charbonnier, aliyewekewa mikono Kipalapala mwaka 1887, alifariki papa hapa Karema mwaka 1888, hata mwaka mmoja wa uaskofu hakuumaliza. Na kwa kuwa wafanya biashara ya watumwa walikuwa wangali na nguvu, kuta zile zilikuwa kimbilio. Kapteni Léopold Joubert, aliyekuwa zamani askari wa Baba Mtakatifu, alifika Karema mwaka 1886, kisha akavuka kwenda upande wa Mpala kuwalinda watu wasikamatwe. Huko ng'ambo alioa, akakaa, akafa mwaka 1927.

Hapo yule kijana, ambaye moyo wake ni mwepesi kusema, akamwuliza mzee: “Babu, nisamehe. Mfalme huyo alitaka nchi na pembe. Kwa nini tuitunze ngome yake? Si afadhali ianguke, tusahau?”

Mimi nalitaka kumkemea, lakini mzee akanizuia kwa mkono. Akasema: “Mwanangu, mfalme huyo hakufika hapa hata siku moja. Ukuta huu haujui mkono wake. Udongo ulikanyagwa na watu, maji yalitekwa na watu, matofali yalibebwa na watu: Wanyamwezi, watu wa pwani, na wenyeji wa hapa. Ukiuangusha, hutakuwa umemwangusha mfalme. Utakuwa umewaangusha wao mara ya pili, maana majina yao hayakuandikwa popote. Wamebakiwa na ukuta tu.”

Neno lile lilinichoma, wala sikusema kitu. Nalikuwa nikiyafikiri matofali ya nyumba yangu.

Kisha akatupeleka mahali tulipotaka sana kufika sisi walimu, kwenye kumbukumbu ya Adriani Atiman. Watoto wetu wengi hawamjui, kwa hiyo nitasema kwa kifupi. Alizaliwa yapata mwaka 1866, kando ya mto Niger, katika nchi iitwayo sasa Mali. Alikamatwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa kubwa la Sahara, akauzwa. Mapadri Weupe wakamkomboa huko Aljeria, akasomeshwa, akabatizwa, kisha akapelekwa kisiwa cha Malta kujifunza uganga. Mwaka 1889 alifika Karema, akiwa daktari na mwalimu wa dini pamoja. Akamwoa Agnes Wansahira. Mwana wao Yosefu akapata upadri. Naye Atiman akatibu watu wa pwani hii kwa muda wa miaka 67, hata alipofariki mwaka 1956.

Fikirini, ndugu walimu. Ngome iliyojengwa kwa fedha ya mfalme aliyejidai kukomesha utumwa, mwishowe ilipata mtu aliyekuwa mtumwa kweli, naye akawaponya wagonjwa hapo kupita wote waliotangulia. Kama kuta zile zisingalikuwapo, mzee angalituonyesha nini? Angalinyosha fimbo kwenye majani matupu, na kijana wetu angalisema ni hadithi za zamani.

Jioni ile baada ya chakula tulimwuliza Padri aliyetuongoza katika mafungo habari za kutunza majengo ya kale, maana amepata kusoma Ulaya. Akatuambia kwamba mwanzilishi wa Mapadri Weupe, Kardinali Charles Lavigerie, alizaliwa mwaka 1825 karibu na mji wa Bayonne, kusini magharibi ya Ufaransa. Katika mji huo, chini ya nyumba za watu, yako maghala ya mawe ya karne ya 13 na ya 14. Ukishuka ngazi kutoka dukani, wajikuta chini ya dari ya matao, kama uko kanisani, kumbe ni mahali wafanya biashara walipoweka divai na bidhaa zao. Nyumba za juu zimejengwa na kubomolewa mara nyingi, lakini maghala yale ya chini yamesimama. Leo watu wa mji huyahesabu kuwa urithi wao, na baadhi yake hufunguliwa kwa wageni.

Yule mwalimu mzee akauliza, “Padri, dari ya mawe isiyo na boriti yawezaje kusimama miaka mia saba?”

Padri akachukua maganda ya mihogo mezani akatuonyesha. Kwanza fundi husimamisha kiunzi cha miti chenye umbo la upinde. Juu yake hupanga mawe kutoka pande mbili, yakielekeana, hata yakutane katikati, hapo hutiwa jiwe la kufungia. Kisha kiunzi huondolewa. Kila jiwe lataka kuanguka, lakini haliwezi, kwa kuwa mwenzake wa kuume na wa kushoto naye ataka kuanguka; basi kwa kutaka kuanguka wote pamoja, wanashikana. Uzito hushuka pande mbili hata kwenye nguzo. Kadiri linavyolemewa kwa kadiri yake, ndivyo tao linavyokaza, maadamu miguu yake haijasogea.

Akasema tena kwamba si lazima kwenda Ufaransa kuona kazi hiyo. Kilwa Kisiwani, katika pwani yetu wenyewe, uko msikiti mkuu ambao sehemu yake ya kale ni ya karne ya 11 au ya 12, nao uliongezwa baadaye kwa matao na makuba ya mawe ya matumbawe na chokaa. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa pamoja na ya Songo Mnara yaliandikwa katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya yaliyo hatarini, kwa kuwa bahari na miti vilikuwa vikiyala. Watu wakafanya kazi ya kuyatengeneza, na mwaka 2014 yakatolewa katika orodha hiyo. Basi kumbe hata lililokwisha kuanza kuanguka laweza kuokolewa, wenyewe wakitaka.

Nikauliza kama serikali haina amri juu ya majengo kama hayo. Akanijibu kwamba iko Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Sheria hiyo huyalinda kwa jumla majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baadaye hulindwa pale Waziri anapoyatangaza. Nikapiga hesabu. Ngome ya Karema ilichelewa miaka 16. Na kanisa letu la kigangoni litachelewa daima. Hakuna askari atakayekuja kulilinda. Mlinzi wake ni yule aliyetia sahihi libomolewe.

Usiku ule sikulala vizuri.

Nilipofika nyumbani, kabla sijaenda kwa mwenyekiti wa baraza, nalikwenda kwa bibi mmoja wa kigango chetu, ambaye ni mkubwa kuliko wote. Nikamwuliza ni nani aliyejenga lile tao. Akanitazama, akasema, “Mwalimu, miaka yote hii umesali chini yake, leo ndipo waniuliza?”

Kisha akanisimulia. Kanisa lilijengwa mwaka 1957, wakati tulipokuwa katika Jimbo la Karema, kabla halijaitwa Sumbawanga, na kabla sisi hatujapata jimbo letu la Mpanda mwaka 2000. Yeye alikuwa msichana. Wasichana na mama zao waliteka maji mtoni, safari nne kila asubuhi, kwa ajili ya kukanda udongo. Wanaume walikata kuni za tanuru. Fundi wa tao alikuwa mmoja wa jamaa zake, aliyeiona kazi hiyo Karema tu, wala hakuwa ameifanya kwa mkono wake. Alipomaliza kupanga matofali, hakuna aliyethubutu kuondoa kiunzi. Kwaresima yote miti ile ikasimama mbele ya altare, na watu wakasali wakiizunguka. Hata Jumamosi Kuu ikafika, na Padri alikuwa njiani, wala hakuna mahali pa kupita. Ndipo yule fundi akaing'oa miti peke yake, watu wote wakiwa nje wameshika vichwa. Tao halikutikisika. “Tukaingia tukiimba,” akasema bibi, “na mtu yule akalia kama mtoto.”

Nikamwomba anitajie majina. Akanitajia ishirini na matatu, wanaume kwa wanawake, nami nikayaandika katika daftari lilelile lenye sahihi yangu. Sita kati yao hawana hata mjukuu aliyebaki kijijini.

Basi baraza likakutana tena, nami nikaomba kufuta sahihi yangu. Haikuwa kazi nyepesi. Mwenyekiti, mtu mwema na mwenye haki, akaniuliza, “Mwalimu, mvua zikianza watoto wako watalala chini ya tao?” Wengine wakacheka, na mimi sikuwa na jibu la kupendeza. Nikawasomea yale majina tu. Nilipofika jina la kumi, mzee mmoja akavua kofia, maana alikuwa amelisikia jina la mama yake.

Tukapatana hivi. Kuta mbili ndefu, ambazo mvua na mchwa wamekwisha kuzila, zitashushwa, na tofali lolote zima litumike. Mahali pa altare pamoja na tao patabaki, patiwe paa la nyasi, na watoto wafundishwe katekisimu hapo. Nyumba ya mwalimu itangoja mavuno mengine.

Ndugu wasomaji, wengi wenu mnayo majengo ya namna hii: kanisa la kwanza, shule ya kwanza, nyumba ya mwalimu wa kwanza. Si kila kimoja chaweza kubaki, wala si dhambi kubomoa ukuta mbovu unaotisha watoto. Lakini msibomoe kabla ya kuuliza. Mkitaka kutunza, jueni kwamba adui wa kwanza ni maji: tengenezeni paa kwanza, chimbeni mfereji wa kuondoa maji chini ya ukuta, ng'oeni miche ya miti ingali midogo, na angalieni mchwa kila mwezi. Ukuta wa matofali mabichi msiupake saruji, maana saruji huzuia unyevu kutoka, na ukuta huoza kwa ndani. Upakeni udongo au chokaa. Kisha andikeni majina ya waliojenga, wangali wapo wanaoyajua.

Mnakumbuka jinsi Yoshua alivyoamuru mawe kumi na mawili yatolewe katika mto Yordani na kusimamishwa, ili watoto wayaone, waulize maana yake. Jiwe halisemi lenyewe. Lamfanya mtoto aulize, na mzazi ndiye asemaye. Jiwe likiondolewa, mtoto haulizi. Na mzazi asipojua, jiwe ni jiwe tu. Vyote viwili vyahitajiwa.

Jumapili iliyopita mtoto mmoja wa katekisimu alitazama juu akaniuliza, “Mwalimu, matofali yale mbona hayaanguki?” Nikamwambia akamwulize bibi.

Nyumba yangu ingali yavuja, na mke wangu hunikumbusha kila mawingu yanapokusanyika. Tuombeeni mavuno mema.